Zoesha Msuli Nyumbani, Usikusaliti Barabarani

Septemba 1992, huko Newcastle nchini Uingereza, kijana mzaliwa wa Kitui aliyewahi kuwa bondia alikata utepe mbele ya wakimbiaji bora wa dunia. Benson Masya alitumia saa 1, dakika 0 na sekunde 24, akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni. Mwaka uliofuata Cosmas Ndeti wa Machakos aliitwaa marathoni ya Boston, kisha akarudi kuitwaa tena 1994 na 1995. Mwaka 2011 Patrick Makau, naye wa Machakos, aliteremsha rekodi ya dunia ya marathoni hadi 2:03:38 mjini Berlin. Aprili 2024 Alexander Mutiso Munyao akashinda London kwa 2:04:01, akimwacha nyuma Kenenisa Bekele. Hao wote ni wana wa Ukambani.

Nayataja majina haya kwa ajili yako, kijana wa Mutomo, wa Mwingi, wa Wote, wa Kibwezi, ambaye umeanza kuamini kwamba miguu yako ina mpaka. Unafika kilomita ya 30 au ya 33, kigimbi kinaanza kurukaruka chini ya ngozi, halafu ghafla kinajikusanya na kuwa kigumu, na kidole gumba kinapinda chenyewe. Unaketi kando ya lami ukiuma meno huku wale uliowapita saa moja iliyopita wakikupita mmoja mmoja. Jioni unawaambia wenzako, "Mimi ndivyo nilivyo, misuli hunibana." Nakukatalia. Hukuumbwa hivyo. Msuli unaokaza njiani ni msuli uliopewa kazi ambayo haujazoeshwa, na msuli huzoeshwa. Kazi hiyo inafanyika hapa hapa nyumbani, kwenye vilima vyetu na joto letu, bila tiketi ya ndege na bila vifaa vya bei.

Lakini kwanza umjue adui. Kwa miaka mingi tumeambiwa sababu ni moja tu: upungufu wa maji na chumvi. Fikra hiyo ina asili yake. Mapema katika karne ya 20, madaktari waliwachunguza wachimba makaa ya mawe wa Uingereza na wafanyakazi waliochochea moto kwenye meli za mvuke. Watu hao walitoka jasho kutwa nzima, wakanywa maji matupu kwa wingi, wakabanwa misuli mwili mzima. Walipotiliwa chumvi kidogo kwenye maji, walipata nafuu. Kwa mtu anayefanya kazi ya sulubu juani siku nzima, ukweli huo bado unasimama.

Mkimbiaji ana habari ya ziada. Mwaka 1997 Martin Schwellnus na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walitoa hoja kwamba kiini cha msuli kubana katika mbio ndefu ni uchovu wa msuli wenyewe pamoja na neva zinazouongoza. Baadaye waliwapima damu wakimbiaji wa mbio ndefu za kwao, waliobanwa na wasiobanwa, na hawakukuta tofauti ya maji wala chumvi ya kutosha kueleza masaibu yale.

Ndani ya msuli kuna vihisi vinavyopeleka habari kwenye uti wa mgongo vikisema "kaza". Kwenye kano, pale msuli unaposhikamana na mfupa, kuna vihisi vingine vinavyosema "legeza". Msuli ukiwa na nguvu, amri hizo mbili huenda sawia. Ukichoka kupita kiasi, amri ya kukaza hupanda na ile ya kulegeza hufifia, nao msuli huwa kama gari linaloteremka milima ya Kilungu dereva akiwa amekanyaga mafuta na breki zimekufa.

Pima hoja hiyo kwa uliyojionea mwenyewe. Jasho hutoka mwili mzima, mbona hubana kigimbi na paja, bega likabaki salama? Kwa sababu kigimbi na paja ndivyo vilivyofanya kazi. Mbona hubana siku ya mashindano kuliko siku ya mazoezi? Kwa sababu siku hiyo ulikwenda kasi kuliko ulivyowahi kujifunza kwenda. Na mbona rafiki akikunyoosha mguu unalegea kabla hujanywa hata tone la maji? Kwa sababu kunyoosha kunavuta kano, na kano inaipaza tena ile amri ya kulegeza. Hapo ndipo penye matumaini yako yote: uchovu wa msuli unaweza kusogezwa mbele, kilomita baada ya kilomita, hadi uache kabisa mstari wa kumalizia nyuma yake.

Ardhi hii ni uwanja wako

Anza na mbio ndefu ya kila wiki. Ikiwa leo uwezo wako ni kilomita 16, usiruke hadi 30 kwa sababu mwenzako amefanya hivyo. Ongeza kidogo kidogo, na kila baada ya wiki tatu hivi punguza ili mwili upumue. Ukishazoea umbali, kimbia kilomita chache za mwisho kwa mwendo uleule utakaoutumia kwenye mashindano. Hapo ndipo msuli unapofundishwa kufanya kazi ukiwa umechoka. Anayekimbia polepole mazoezini miezi mitatu kisha akafyatuka siku ya mbio anaupa mguu mtihani wa somo ambalo hakuufundisha.

Ingia vilimani. Makueni ina Mbooni, Kilungu na Nzaui. Kitui ina Mutitu na miinuko ya Nzambani. Kupanda hujenga kigimbi na makalio. Kushuka nako kuna somo lake: msuli wa mbele ya paja hufanya kazi ngumu ya kuuzuia mwili usianguke, na usipouzoesha mteremko utakubana mteremkoni. Teremka kwa hatua fupi, goti likiwa limelegea kidogo, mara moja kwa wiki inatosha.

Mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kukimbia kwenye mchanga huo hukifanyisha kigimbi kazi maradufu. Anza na dakika tano tu kwenye mchanga ulioshikamana, uongeze taratibu. Atakayejitupa humo saa nzima siku ya kwanza atajeruhi kano ya kisigino, alie mwezi mzima.

Halafu kuna zoezi ambalo halihitaji kiatu wala saa ya mkononi. Nenda kwenye ngazi ya darasa au ukumbi wa kanisa. Simama kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia hewani, mkono mmoja ukigusa ukuta. Inuka kwa miguu yote miwili hadi juu kabisa. Sasa inua mguu mmoja, ushuke kwa ule mwingine polepole ukihesabu hadi tatu, mpaka kisigino kipite chini ya ukingo na usikie kigimbi kikivutika. Rudia mara kumi na mbili, badilisha mguu, fanya mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki. Ongeza kuchuchumaa kwa mguu mmoja mbele mwingine nyuma, na lile zoezi la kulala chali na kuinua kiuno kwa kisigino kimoja, linaloimarisha nyuma ya paja. Dakika ishirini, basi. Wiki za kwanza utaona kama unapoteza muda. Endelea. Baada ya miezi miwili utakisikia kigimbi kikikubeba pale kilipokuwa kikikuangusha.

Na ulale. Msuli hujengeka usiku, na kijana anayekesha na simu hadi saa nane usiku kisha akaamka saa kumi na moja kukimbia anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Haraka haraka haina baraka

Mwaka 1994 Cosmas Ndeti alishinda Boston kwa 2:07:15, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2006. Alikimbia nusu ya pili kwa kasi kuliko ya kwanza. Lisome somo hilo polepole. Bingwa yule alijizuia mwanzoni ili awe na miguu mwishoni.

Sisi tunafanya nini? Bunduki ikilia, tunafyatuka kana kwamba mbio ni za mita mia nane. Kilomita tano za kwanza tunaongoza, watu wanashangilia, na msuli unaanza kulipa deni ambalo hatujaliona. Uchunguzi uliofanywa kwa wanamichezo wa masafa marefu umeonyesha kwamba wanaobanwa misuli mara nyingi ni wale waliolenga mwendo wa kasi zaidi ya wenzao, pamoja na wale waliowahi kubanwa zamani. Kwa hiyo jifunze mwendo wako. Ujue kilomita yako ya mashindano ni dakika ngapi, na kilomita tano za mwanzo ziende polepole kidogo kuliko hapo. Ukiachwa, achwa. Utawakuta mbele, wengine wakiwa wameketi.

Joto, maji na chumvi

Jua la Kibwezi na Mtito Andei, la Ikutha na Kyuso, unalijua. Mwaka 2019 kwenye mashindano ya dunia mjini Doha, marathoni ya wanawake iliandaliwa usiku wa manane kuepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Joto linachosha mwili, linaharakisha uchovu wa msuli, na linaweza kuua. Lakini mwili ukizoeshwa taratibu kwa siku kumi hadi kumi na nne, hubadilika: hutoka jasho mapema zaidi, jasho hubeba chumvi pungufu kuliko awali, na moyo hutulia. Wakimbiaji wa nchi za baridi hugharamika kulitafuta joto hili. Wewe umezaliwa ndani yake. Litumie kwa akili: mbio ngumu alfajiri, mbio fupi nyepesi jua likiwa limepanda, na kamwe usijipime nguvu saa saba mchana.

Kunywa kwa kiu. Pima uzito kabla na baada ya mbio ndefu, hata kwenye mizani ya zahanati. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na hapo utajua mwili wako unadai nini. Ukikuta umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, na hiyo ni hatari ya kweli. Baada ya Boston Marathon ya 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488, na asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu kwenye damu, wengi kwa kunywa mno. Maji mengi kupindukia hayazuii msuli kubana, na yanaweza kuuvimbisha ubongo.

Kuhusu chumvi, itazame fulana yako ikikauka baada ya mbio. Ikiwa mgongoni na kwapani kuna michoro myeupe inayokwaruza, wewe unatoa jasho la chumvi nyingi, na kinywaji cha nyumbani kitakufaa kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu. Chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, robo kijiko kidogo cha chumvi, na ukamulie chungwa la Makueni. Koroga, onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Kijaribu mazoezini kwanza, kamwe usikianze siku ya mashindano. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Na usiyafanye maji ya visima vyetu vya chumvichumvi kuwa dawa. Madini yake hujayapima, na mengine huharisha.

Chakula nacho ni kinga, kwa kuwa msuli ulioishiwa wanga huchoka mapema. Siku mbili kabla ya mbio kula ugali, viazi vitamu, wali, chapati, ndizi. Muthokoi wenye maharagwe na ndengu ni chakula cha nguvu cha siku za mazoezi, ila mkesha wa mbio uupunguze usije ukakusumbua tumboni. Ndizi ni nzuri kwa wanga wake, lakini usiitarajie ikufungue msuli uliokwisha kubana: madini yake huchukua nusu saa na zaidi kufika kwenye damu.

Ukishikwa, fanya hivi

Dalili ya mvua ni mawingu. Kigimbi kikianza kurukaruka, punguza mwendo papo hapo na ufupishe hatua. Dakika mbili za kujizuia zinaweza kukuokolea nusu saa ya kuketi.

Kikibana kabisa, simama. Usiupige ngumi msuli, na usilazimishe kukimbia, maana utauchana. Ukibanwa kigimbi, nyoosha goti, shika vidole vya mguu na uvivute kuelekea kwako. Kama unaweza kusimama, egemea mti au mlingoti, mguu uliobana uwe nyuma, kisigino chini kabisa. Ukibanwa nyuma ya paja, weka kisigino mbele yako, goti limenyooka, inama kutoka kiunoni. Ukibanwa mbele ya paja, shika kifundo cha mguu na uvute kisigino kuelekea makalio. Vuta polepole, bila kurusharusha, ushikilie kwa sekunde ishirini hadi thelathini, uachie, urudie hadi msuli utulie. Mwenzako akuchue taratibu wakati huo. Kisha unywe kidogo, utembee, halafu urudi kwenye mwendo mwepesi. Wengi hudhani mbio zimekwisha msuli ukibana mara ya kwanza. Ukinyoosha vizuri na kupunguza kasi, mara nyingi unaweza kumaliza.

Huenda umesikia habari za maji ya achari. Zina msingi. Mwaka 2010 Kevin Miller na wenzake nchini Marekani waliwasababishia vijana msuli kubana kwa umeme, kisha wakawanywesha maji ya achari ya matango au maji ya kawaida. Waliokunywa achari walipata nafuu kwa wastani wa sekunde 85 hivi, wa maji matupu sekunde 134. Muda huo ni mfupi mno kwa chumvi kufika mguuni. Inaelekea ule ukali mdomoni na kooni huzigutusha neva nazo hutuliza msuli. Funda moja linatosha, na ulijaribu mazoezini kwanza.

Kuna jambo moja la kukataa kabisa: kumeza kwinini ya malaria kwa ajili ya misuli. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya matumizi hayo tangu 2006, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuharibu damu. Hakuna medali yenye thamani hiyo.

Tena usione haya kwenda hospitali. Mkojo ukitoka na rangi ya chai ya rangi baada ya mbio, misuli ikibana mwili mzima, mtu akichanganyikiwa au akianguka kwa joto, kigimbi kimoja kikivimba na kuuma siku kadhaa bila kuachia, hayo si ya kukandwa kwa mafuta nyumbani. Mpoze aliyezidiwa na joto kwa maji mara moja, kisha mkimbilie hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui au Wote, au kituo cha afya kilicho karibu.

Kazi ni yetu sote

Mwalimu wa michezo, wewe ndiye kocha wa kwanza wa bingwa ajaye. Msimu wa mbio za nyika ukifika, usimtwae mtoto aliyekaa bila mazoezi tangu Novemba ukamtupa kwenye kilomita kumi Januari. Mpe wiki za kujijenga. Mfundishe lile zoezi la ngazi, mfundishe kujua mwendo wake. Akibanwa msuli, usimwite mvivu mbele ya wenzake. Mwonyeshe kunyoosha, kisha kaeni mtazame mazoezi yake yalipungukiwa wapi.

Mama na baba, kijana anayeamka kabla ya jogoo kukimbia hapotezi muda. Akirudi, akute uji na maji safi. Na ninyi mnaoandaa mbio za vijijini na za kaunti, ziandaeni zianze alfajiri, wekeni maji kila kilomita chache, na awepo mtu mmoja anayejua kuhudumia msuli uliobana. Vitu hivyo havihitaji bajeti kubwa. Vinahitaji mtu wa kusema, "Mwaka huu tutafanya."

Nawe mkimbiaji, usingoje Januari wala mdhamini wala kambi ya mbali. Jumamosi hii, kabla jua halijachomoza, toka na mwenzako mmoja mkimbie kilomita mnazoziweza kwa mwendo ambao mnaweza kuzungumza. Jumatatu nenda kwenye ngazi ya shule iliyo karibu, visigino vining'inie, uhesabu hadi tatu. Alhamisi panda kilima. Andika kwenye daftari ulichofanya, ulichokula, ulichokunywa, na mahali msuli ulipoanza kulalamika. Wiki ijayo rudia, uongeze kidogo. Endelea hivyo majira yote, mvua inyeshe au kiangazi kikaze. Kisha jiandikishe kwenye mbio, anza taratibu, waache wenye pupa watangulie, na kilomita ya 35 ikifika, ongeza mwendo.